Matela ya Upepo Inashuka Usiku: Tafuta Tundu Kwanza, Kisha Uzibe



Juma hili somo letu la nyumbani linahusu kitu ambacho zamani hatukukiona sana hapa Kabondo-Dianda, lakini leo kinaanza kuingia nyumbani mwetu: matela ya upepo, ile ambayo wengine huita godoro la kupuliza. Mchana inakunjwa na kuwekwa mfukoni. Usiku inapulizwa, mgeni analala.

Tunajua kwa nini wamama wanaipenda. Nyumba zetu ni ndogo na wageni ni wengi. Treni ikichelewa kutoka Kamina au Luena, ndugu anafika usiku na hawezi kuendelea na safari. Kukiwa na kilio, watu wanalala kila mahali. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanatoka vijijini kuja kufanya mtihani wa Serikali, wanakaa kwa shangazi au kwa mjomba. Mama anayemlinda mgonjwa hospitalini naye anahitaji kitu cha kulalia, chepesi cha kubeba kichwani.

Shida ni hii: matela nyingi zinazofika sokoni kwetu zimekwisha kutumika huko zilikotoka. Zinakuja bila kikasha, bila kole, bila viraka, na mara nyingine bila pampu. Mama anatoa franga zake alizoziweka katika likelemba, analala vizuri siku tatu, siku ya nne anaamka mgongo uko juu ya sementi. Anaambiwa, «Hiyo imekufa, tupa.» Au kijana wa nyumbani anaipaka kole ya viatu hapa na pale, tundu lenyewe halijaonekana, na kesho yake inashuka tena.

Tunataka kusema wazi: matela nyingi zinazotupwa zingeweza kupona. Tundu dogo kama ncha ya sindano linazibwa nyumbani kwa maji, sabuni, kiraka, kole inayofaa na siku moja ya kungoja. Tuna pia neno moja zito kwa wenye watoto wachanga, na tunawaomba msiache kulisoma.

KWANZA UJUE KAMA KWELI KUNA TUNDU

Si kila matela inayolegea ina tundu. Kuna sababu mbili nyingine, na zote mbili hazihitaji kole.

Ya kwanza ni plastiki yenyewe. Matela nyingi za siku hizi zimetengenezwa kwa plastiki laini inayovutika. Ikiwa mpya, katika usiku wa kwanza kwanza inapanuka kidogo chini ya uzito wa mtu, na hewa ile ile inaonekana haitoshi tena. Iongeze hewa siku mbili tatu, utaona inatulia.

Ya pili ni baridi. Sisi tunaishi kwenye nyanda za juu. Kamina iko zaidi ya mita 1000 juu ya bahari, na wakati wa kiangazi, hasa mwezi wa sita na wa saba, mchana ni joto na usiku ni baridi. Hewa ikipoa inajikunja. Ukipuliza matela saa nane mchana kukiwa na joto la digrii 30, na alfajiri baridi ikashuka hadi digrii 15, hewa iliyo ndani inapungua karibu sehemu 1 kati ya 20 bila hata pumzi moja kutoka nje. Kwa hiyo puliza jioni, jua likishazama, na uongeze kidogo kabla ya kulala. Kinyume chake ni hatari: matela iliyojaa sana ikiachwa juani, hewa inapanuka na kupasua maungio.

Ili kujua ukweli, fanya jaribio hili. Puliza matela jioni mpaka iwe ngumu kiasi, funga mdomo wake vizuri, iweke ndani ya nyumba, mtu yeyote asilale juu yake. Asubuhi ibonyeze kwa mkono. Ikiwa imelegea kidogo tu, ni baridi. Ikiwa imelala chini kama nguo, kuna mahali hewa inatoka, na kazi yetu inaanza.

KUTAFUTA TUNDU

Hapa ndipo wengi wanaharakisha, na hapa ndipo kazi inapoharibika. Kuziba kunachukua dakika chache tu. Kutafuta kunaweza kuchukua nusu siku. Usiguse kole kabla hujaliona tundu kwa macho yako.

Mmekwisha kumwona fundi wa kinga chini ya mwembe. Hapaki kole mpira wote. Anatoa mpira wa ndani, anaupuliza, anauzamisha kipande kwa kipande katika beseni la maji, anangoja mapovu. Anapoyaona, anaweka alama. Sisi tutafanya vile vile, ila matela yetu ni kubwa na haiingii katika beseni, basi maji ndiyo yataifuata.

1. Anza na mdomo. Mara nyingi hewa inatokea pale pale inapoingilia. Fungua kifuniko, angalia kama kuna mchanga, unywele au uzi uliokwama. Pangusa kwa kitambaa safi chenye maji kidogo, na usichokoe kwa msumari wala kwa waya. Funga tena, kisha weka tone la maji ya sabuni juu ya kifuniko. Tone likivimba na kupasuka, ugonjwa ni hapo.

2. Sikiliza. Ngoja usiku watoto wamelala na redio imezimwa. Matela iwe imejaa vizuri. Lowesha shavu au midomo kwa maji, upitishe uso polepole karibu na matela, bila kuigusa. Ngozi iliyolowa inasikia upepo mdogo ambao mkono mkavu hausikii. Mwingine abonyeze upande wa pili ili hewa itoke kwa nguvu.

3. Tumia maji ya sabuni. Koroga sabuni ya unga kidogo katika kikombe cha maji mpaka ipate povu. Chovya sponji au kitambaa, upake sehemu ndogo ndogo. Fuata mpango mmoja: mdomo, kisha maungio yote ya kando, kisha upande wa chini, mwisho upande wa juu. Upande wa chini ndio unaokutana na vijiwe na miiba, kwa hiyo usiuruke. Kila mahali ulipopaka, ngoja na uhesabu mpaka kumi. Tundu dogo sana linatoa povu polepole, kama yai la samaki moja baada ya jingine.

4. Upande wenye manyoya. Matela nyingi zina manyoya mafupi laini juu ili mwili usiteleze. Manyoya haya yanaficha mapovu. Paka maji ya sabuni mengi zaidi, bonyeza kwa sponji, angalia dhidi ya mwanga wa dirisha.

5. Weka alama. Chora duara kuzunguka tundu kwa kalamu ya bik baada ya kupangusa maji. Chaki itafutika, makala yataacha vumbi ambalo kole hailipendi. Ukipata tundu la kwanza usisimame. Endelea mpaka matela yote imepita, kwa sababu mwiba uliotoboa mara moja umeweza kutoboa mara mbili.

Usiipeleke matela mtoni. Itakwaruzwa na mawe na kurudi na matundu mapya, na maji yakiingia ndani kupitia mdomo itaoza na kunuka. Ndoo moja ya maji uwanjani inatosha.

KWA NINI KOLE YA KINGA HAISHIKI

Swali hili linaulizwa sana: ikiwa kole ya fundi wa kinga inashika mpira wa kinga miaka miwili, kwa nini juu ya matela inabanduka siku ya pili?

Jibu liko katika kitu chenyewe. Mpira wa ndani wa kinga ni mpira, ndugu wa ule utomvu uliotoka katika miti na mitambaa ya msituni. Mtu aliyeufanya mpira wa hewa ujulikane duniani ni John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast. Alimtengenezea mwanawe magurudumu ya hewa kwa kinga yake ndogo ya magurudumu matatu, na mwaka 1888 akapata hati ya uvumbuzi. Baada ya hapo dunia ikautaka mpira kwa wingi, na wazee wetu wa Kongo walilipa gharama ya tamaa hiyo kwa damu katika enzi ya mfalme Léopold II, iliyokwisha mwaka 1908. Kiraka kidogo cha fundi kina historia ndefu.

Lakini matela nyingi za leo si mpira. Ni plastiki, aina inayoitwa PVC au vinili. Kole ya mpira inakaa juu ya vinili bila kuingia ndani yake, na matela ikivutika, kiraka kinabanduka. Vinili inahitaji kole yake, ile inayolainisha plastiki kidogo mpaka kiraka na matela viwe kitu kimoja. Sokoni uliza kole ya vinili au kole ya PVC inayobaki laini, na usome maandiko ya tyubu. Ile kole ngumu ya mabomba ya maji haifai, inakauka kama mfupa na kupasuka matela ikikunjwa. Kole kali ya tone moja, inayoshika vidole, nayo ina ubaya huo huo. Skochi ya kufungia mizigo inashika usiku mmoja tu.

Utajuaje kama yako ni mpira au plastiki? Mpira una harufu ya mpira na mara nyingi umefunikwa kwa kitambaa kama turubai. Plastiki inang'aa upande wa chini na kutoa sauti ya kusugua inapokunjwa. Ikiwa ni mpira, peleka kwa fundi wa kinga bila wasiwasi. Ikiwa ni plastiki, soma yanayofuata.

KUZIBA, HATUA KWA HATUA

Vitu vya kutayarisha: kitambaa safi, sabuni, alkoli ya kupangusa vidonda, makasi, msasa laini, kole ya vinili, na kiraka. Kama kiraka cha kiwandani hakuna, kata kutoka kitu cha plastiki ya namna moja: mpira wa watoto wa kupuliza uliopasuka, au matela nyingine iliyokufa kabisa. Ndiyo maana tunasema matela iliyokufa isitupwe yote. Ni duka la viraka.

Kwanza, toa hewa yote. Kiraka hakishiki juu ya matela inayopumua, kwa kuwa hewa itasukuma kole kabla haijakauka.

Pili, safisha mahali pa tundu kwa sabuni, kausha kabisa, kisha pangusa kwa alkoli na ungoje ikauke. Usitumie mafuta ya taa, yanaacha utelezi. Usitumie esansi, inaweza kuwaka na kuchoma nyumba.

Tatu, kama tundu liko upande wenye manyoya, sugua manyoya yote kwa msasa mpaka uone plastiki laini yenyewe, sehemu kubwa kama kiraka chako. Kole ikikutana na manyoya inashika manyoya tu. Fanya polepole usitoboe tena.

Nne, kata kiraka cha duara. Kipite tundu sentimita mbili na nusu kila upande; kwa tundu la sindano, kiraka cha sentimita tano kinatosha. Pembe kali ndizo zinazoanza kubanduka, basi zizungushe.

Tano, paka kole nyembamba. Kole nyingi haimaanishi nguvu nyingi. Inachelewa kukauka na kuacha mifereji ya hewa. Maandiko ya tyubu yatakuambia kama unabandika mara moja au unangoja kidogo.

Sita, bandika kuanzia katikati kwenda kando, ukisukuma hewa itoke. Weka juu yake karatasi ya nailoni ili kole iliyozidi isishike kitu kingine, kisha kitabu kinene, kisha tofali au ndoo ya maji. Sakafu iwe sawa.

Saba, ngoja siku nzima, saa 24. Hatua hii ndiyo ngumu kuliko zote, maana mgeni amefika na kila mtu anataka kujaribu. Mgeni alale kwenye mkeka usiku mmoja. Ukipuliza kabla ya saa, kazi yote inarudi mwanzo.

Nane, puliza nusu, paka maji ya sabuni kuzunguka kiraka. Kama hakuna povu, ongeza hewa, uache usiku mmoja bila mtu. Asubuhi ikiwa imesimama, imepona.

MATUNDU MAGUMU

Tundu la kwenye maungio ni gumu kuliko la katikati, kwa sababu hapo plastiki mbili zimeunganishwa kwa joto la kiwanda. Ingiza kole kidogo ndani ya ufa kwa kijiti, ibane, kisha funika kwa kiraka kirefu kinachokunja ungio na kushika pande zote mbili. Baada ya hapo usiijaze sana.

Mdomo ukiachana na matela pembeni, paka kole kuzunguka na uweke kiraka chenye tundu katikati kama pete. Mara nyingine inashika, mara nyingine haishiki.

Kama matela imetoa nundu kubwa upande mmoja, kama mbuzi mwenye mimba, ujue zile kuta za ndani zinazoshikilia umbo zimekatika. Hiyo haizibwi nyumbani. Usipoteze franga za kole. Ikate, uweke vipande kwa ajili ya viraka vya wengine.

Kuna wanaopasha kisu moto kwenye mbabula na kuyeyusha plastiki wakidhani inajiziba. Tunawaomba waache. Tundu la sindano linakuwa tundu la kidole, na moshi wa vinili inayoungua una asidi inayochoma koo na mapafu. Kwa sababu hiyo hiyo, mabaki ya matela yasichomwe pamoja na takataka uwanjani watoto wanapocheza, wala yasitumiwe kuwasha makala.

KOLE SI KITU CHA KUCHEZEA

Fanya kazi hii nje au mlangoni penye upepo, mbali na mbabula, mshumaa na sigara. Mama mwenye mimba au anayenyonyesha amwachie mwingine hatua ya kole. Ukimaliza, funga tyubu vizuri na uifungie mahali watoto na vijana hawafiki. Tunajua katika miji yetu kuna watoto wanaonusa kole wakitafuta kusahau njaa, na inawaharibu kichwa. Kole ya kikundi isiwe mlango wa shida hiyo.

NENO KWA WENYE WATOTO WACHANGA

Hapa tunaomba msome mara mbili, kisha mmsomee jirani asiyejua kusoma.

Mtoto mchanga asilale juu ya matela ya upepo. Hata iliyo mpya, hata iliyozibwa vizuri, hata kwa usingizi mfupi wa mchana.

Sababu ni hii. Mtoto wa miezi michache hana nguvu ya kuinua na kugeuza kichwa chake. Matela ya upepo inalegea chini ya uzito. Uso wake ukizama katika plastiki laini, pua na mdomo vinazibwa, na hatalia, kwa sababu hana hewa ya kulilia. Mama akilala kando yake, uzito wa mama unafanya bonde, na mtoto anabingirika kuingia bondeni. Matela ikisukumwa ukutani, kunabaki pengo ambamo mtoto anaweza kunaswa. Na ikiwa na tundu, hatari inakua kila saa ya usiku: saa tatu ilikuwa ngumu, saa tisa imekuwa kama mfuko unaomzunguka. Watoto wamekwisha kufa hivyo katika nchi nyingine, na ndiyo maana baadhi ya matela hizi zina onyo lililochapwa kwamba mtoto wa miezi 15 au chini yake asilazwe juu yake. Zile zinazotufikia bila kikasha zimepoteza onyo hilo njiani, au limeandikwa kwa lugha ambayo wengi hawaisomi.

Mtoto alale chali, juu ya kitu kigumu na sawa: matela ngumu ya kawaida, au mkeka wenye kitambaa kilichovutwa vizuri, chini ya chandarua. Kama mgeni wako amekuja na mtoto wa mgongoni, mpe yeye kitanda, na mtu mzima wa nyumba achukue matela ya upepo. Huo ndio ukarimu wa kweli. Na mama anayemlinda mgonjwa hospitalini akiwa na mtoto mchanga, abebe mkeka.

Kwa watu wazima pia, chandarua kisisahaulike. Matela ikilala chini, kingo za chandarua ziingizwe chini yake pande zote. Mbu hawaangalii kama umelala juu ya hewa au juu ya sufi.

KUITUNZA ISITOBOKE TENA

Fagia sakafu, kisha tandika mkeka au shuka nzee kabla ya kuweka matela. Toa vibanio vya nywele, funguo na sindano mifukoni. Watoto wasiruke juu yake. Maungio ndiyo yanayolia. Usiijaze mpaka ilie kama ngoma; mkono ukibonyeza uingie kidogo. Ukipuliza kwa mdomo utapata kizunguzungu na utaingiza unyevu, basi tafuta pampu. Kabla ya kuikunja, ikaushe kivulini, kisha ikunje bila kuibana na uitundike juu ndani ya mfuko. Panya wa kwetu hawachagui. Wanakula mahindi na wanatafuna plastiki pia.

KISANDUKU CHA KIKUNDI

Kole ya vinili ina bei, na mama mmoja mwenye tundu moja atatumia kidogo tu, tyubu iliyobaki itakauka kabatini. Kwa hiyo tunashauri kila kikundi kiwe na kisanduku kimoja: tyubu ya kole, alkoli, msasa, makasi, viraka vilivyokatwa, pampu, na daftari. Mama mmoja au wawili wajifunze vizuri na washike ufunguo. Mwanachama alipe kidogo kurudisha kole, asiye mwanachama alipe zaidi, na kila franga iandikwe. Katika daftari andikeni pia tundu lilikuwa wapi na kiraka kimeshika siku ngapi. Baada ya miezi michache daftari hilo litakuwa mwalimu wenu kuliko ukurasa huu.

Vikundi vyenye matela ya kuazimisha kwa vilio na wageni viwe na kanuni tatu: aliyeazima aonyeshwe jinsi ya kufunga mdomo, aambiwe neno la mtoto mchanga, na airudishe ikiwa kavu.

MASWALI MAWILI TULIYOPEWA

«Nimepaka sabuni pande zote, sikuona povu, lakini bado inashuka.» Paka tena mdomo ukiwa umefungwa na mtu ameketi juu ya matela. Kuna midomo inayoshika bila uzito na kuachia hewa uzito ukija. Kisha rudia upande wenye manyoya, hasa kwenye mabonde ya mistari.

«Sina kole ya vinili, na mgeni analala leo.» Kole ya kinga na kiraka chembamba vinaweza kukusaidia usiku mmoja au miwili kama hutaijaza sana. Lakini siku ya kuziba kweli itabidi ubandue kiraka hicho na kusafisha kole yote ya zamani kwa alkoli, la sivyo ile mpya haitashika.

Katika mkutano ujao wa juma, mwenye matela inayoshuka ailete na ndoo ya maji. Tutatafuta tundu pamoja, na wale wasioamini kwamba shavu lililolowa linasikia upepo watajaribu wenyewe. Na kabla ya siku hiyo, kila mmoja wetu apite kwa jirani mwenye mtoto mchanga na kuangalia mtoto amelala juu ya nini.